Siti ya Thelathini na Moja

Kazi yangu huanza wao wakishachoka.
Saa moja jioni simu inanionyesha vitone,
kila kitone baiskeli, kila baiskeli yatima:
moja imeegemea ukuta wa Makumbusho,
mbili zimelala Jivanjee chini ya mjakaranda
kama walevi waliokubaliana,
na skuta moja, Mungu wangu,
iko juu ya daraja la wapita njia pale Globu,
imesimama wima, inayatazama magari ya Thika
kana kwamba inawaza kuhamia huko.

Odanga anaendesha pikapu, mimi napakia.
"Kemunto," husema, "hawa wanalipa kwa dakika
na kutupa bure."

Mgeni siku hizi haulizi mtu njia, anaiuliza simu.
Simu inamwambia: pinda kushoto, njia ya baiskeli.
Njia ipo, sikatai.
Imepakwa rangi, imechorwa gurudumu,
inakwenda hatua mia na kitu
kisha inaingia kwenye jiko la mahindi la Mama Wairuri
na kuishia humo, ndani ya moshi.
Wengi hushuka. Hununua hindi, hupaka ndimu na pilipili,
hulia machozi huku wakicheka.
Mama Wairuri anaiombea barabara hiyo kila Jumapili,
serikali isije ikaimalizia.

Wanaboda wa Ngara waliapa kuzichoma.
Sasa zikianguka wanazisimamisha,
na mgeni akiyumba mbele yao wanampigia honi taratibu
kama mtu anayemswaga kuku wa jirani.

Kwenye kikapu ndiko wanakoniandikia.
Nimekuta tiketi ya bustani ya nyoka,
krimu ya jua iliyoyeyuka, kofia ya mtoto,
nusu mandazi yenye alama ya meno madogo,
na siku moja karatasi, mwandiko wa uangalifu:
habari, asante, bei gani, hapana asante.
Lugha yangu nzima, imekunjwa mara mbili,
na bado ikamtosha mtu siku tatu.

La siti sijamwambia yeyote.

Kila jioni nazikuta zimepandishwa
mpaka kwenye ile alama nyekundu,
kwa miguu iliyokuzwa na maziwa ya nchi nyingine.
Nikijaribu kukaa, vidole vyangu vinaning'inia
kama vya mtoto kwenye benchi la kanisa.

Jumanne iliyopita pikapu iliishiwa mafuta Museum Hill.
Odanga akashika mtungi akaenda, akilaani.
Nikabaki na baiskeli kumi na moja na giza jipya.
Nikaishusha thelathini na moja.
Nikalegeza kibano, nikaikandamiza siti hadi mwisho;
ikalia kama mlango
usiofunguliwa tangu nyumba ijengwe.

Miaka minne nazibeba. Sikuwahi kubebwa.

Mteremko wa Kipande ulinichukua bila kuniuliza.
Upepo ukaingia kwenye mikono ya ovaroli,
nikanusa mto kabla ya kuuona,
taa za mjini zikaja moja moja, kisha zote,
nami sikushika breki.
Kijana mwenye soksi mabegani akanipigia kelele:
"Karibu Kenya, madam! Soksi!"
Mimi, wa Kangemi, mwenye deni la kodi.
Ulimi ukaniponyoka: "Hapana asante,"
kwa sauti ya ile karatasi.

Kurudi juu nilisukuma.

Sikuipandisha tena siti.
Asubuhi mgeni mrefu akainama, akaitazama, akacheka,
akachukua ya jirani yake.
Wa pili vilevile.
Siku nzima kitone chake hakikusogea,
na jioni Odanga akaipiga teke gurudumu:
"Hii nayo imeharibika?"

"Hapana," nikamwambia. "Ina mtu."